Shajara ya mradi: ATM ya maziwa na washindani wake mtaani Umoja

Shajara hii inamlenga mwenye biashara ndogo anayetaka kujua kwa hakika anasimama wapi akilinganishwa na wenzake, na ambaye hana pesa za kumlipa mtafiti. Biashara yenyewe ni ATM ya maziwa iliyoko Umoja, Nairobi: tangi la lita 200 lenye ubaridi, mashine inayotoa maziwa kulingana na pesa alizotaja mteja, msaidizi mmoja anayehudumia dirishani, na mimi ninayeshughulikia hesabu, vibali na ugomvi wa stima. Maziwa hununuliwa kwa msindikaji mdogo wa Kaunti ya Kiambu yakiwa tayari yamepashwa moto wa kuua vijidudu na kupozwa, maana Bodi ya Maziwa ya Kenya hairuhusu mashine hizi kuuza maziwa mabichi. Ninayapokea kwa shilingi 88 lita na kuyauza kwa 120.

Kuelekea mwisho wa mwaka 2024 mauzo yalishuka kutoka lita 180 hivi kwa siku hadi kama 150. Kila mtu niliyemweleza alikuwa na sababu yake: bei, ubora, mashine mpya ya jirani, uchumi. Nitaandika hapa kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama yake.

Jumamosi, 8 Februari 2025: Washindani ni akina nani

Nilianza na lile jedwali la miraba minne linalofundishwa katika kila semina ya wafanyabiashara wadogo, yaani nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Lilijaa upesi mno. Nililiweka kando, kwa kuwa kila nilichokiandika humo nilikuwa nikikiamini hata kabla ya kuinua kalamu.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzunguka kwa miguu eneo ambalo mteja anaweza kutembea na chupa mkononi bila kuona ni mbali, takribani mita 400 kutoka dirishani kwangu. Nilipata mashine mbili kama yangu. Ya kwanza, nitakayoiita A, inauza lita kwa shilingi 110. Ya pili, B, imo ndani ya supamaketi ndogo na inauza kwa 120 kama mimi. Nilidhani orodha imekamilika, ila nilipoitazama tena niligundua kuwa nimewaandika wenye mashine tu, ilhali mtu anayetaka chai ya jioni hajali maziwa yametoka kwenye mashine au la.

Aliyenisaidia kupanua orodha ni mlinzi wa ploti moja ya ghorofa tano. Asubuhi ya siku ya kuzoa taka aliniruhusu nihesabu pakiti tupu za maziwa kabla mkokoteni haujafika, huku akinitazama kama mtu aliyepatwa na jambo. Mifuko ilijaa pakiti za nusu lita, na za mililita 200 zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Kipimo hiki kina upungufu ulio wazi, kwa kuwa maziwa ya ATM hubebwa kwa chupa ya nyumbani na hayaachi taka, hivyo hakiwezi kuonyesha sehemu yangu ya soko. Kinachoonyesha ni kwamba watu wanaopita mbele ya dirisha langu kila siku hununua maziwa ya pakiti kwa wingi. Orodha mpya ikawa na kioski cha pakiti kilicho kwenye lango la ploti hiyo (C), pamoja na mwuzaji wa maziwa mabichi anayepita na bodaboda kabla ya jua kuchomoza (D).

Gharama ya hatua hii ilikuwa shilingi 200 za chai ya mlinzi na jozi ya glavu.

Jumatano, 19 Februari 2025: Bei ya kweli kwa lita

Bei iliyoandikwa kwenye ubao ni ahadi tu, na nilichotaka kujua ni kiasi anachopata mteja chupani. Nilipanga kununua maziwa ya shilingi 60 kutoka kila mahali, kuyapima na kugawanya.

Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu ya povu. Mashine hutoa maziwa kwa kasi, nayo hufika chupani yakiwa na povu la vidole viwili, na mtu akisoma alama za jagi kabla povu halijatulia, nusu lita huonekana kama mililita 540. Nikingoja litulie, sehemu yake hubaki imeganda kwenye kuta za chupa na kipimo kinapungua. Matokeo ya siku mbili mfululizo kutoka mashine ileile yalitofautiana kiasi cha kunifanya niyatupe yote.

Dawa ilikuwa mizani ya jikoni ya kidijitali, iliyonigharimu shilingi 1,300. Hewa iliyo ndani ya povu haina uzito wa kuhesabika, na maziwa ya ng'ombe ni mazito kidogo kuliko maji: lita moja ina takribani kilo 1.03. Pima chupa tupu, pima chupa yenye maziwa, toa, kisha gawanya gramu kwa 1.03, nawe utapata mililita. Nusu lita kamili inapaswa kusoma kama gramu 515. Njia hii ni rahisi kiasi kwamba sasa msaidizi wangu huifanya huku akihudumia mteja.

Yafuatayo ni matokeo ya wastani, yaliyochukuliwa asubuhi na jioni katika siku tofauti. Kwa A, shilingi 60 zilileta mililita 532 badala ya 545 zinazotarajiwa kwa bei ya ubaoni, kwa hiyo bei yake ya kweli ilikuwa shilingi 113 kwa lita. Pakiti ya C, ambayo huuzwa shilingi 60, ilikuwa na maziwa yake sawasawa, yaani 120 kwa lita; pakiti ndogo ya mililita 200 inayouzwa 30 inamgharimu mnunuzi 150 kwa lita, na bado inanunuliwa. D alikuwa wa bei nafuu kuliko wote, shilingi 99.

B ndiye aliyenifundisha zaidi. Mashine yake ilitoa mililita 493, pungufu ya ilivyoahidi. Lakini dada anayehudumia pale, baada ya mashine kusimama, haondoi chupa, huitazama, humtazama mteja, kisha hubonyeza kitufe kwa nukta moja zaidi na kusema, "Hiyo ni yako." Nyongeza hiyo ilifikisha kipimo kwenye 508. Kila mteja niliyesimama naye kwenye foleni aliondoka akiamini amependelewa, na hesabu inamuunga mkono, kwa kuwa alilipa shilingi 118 kwa lita.

Maziwa yangu mwenyewe nilimtuma binamu yangu akanunue, ili msaidizi asijue. Asubuhi tulipata 498. Jioni, tangi likiwa karibu kuisha, tulipata 471, yaani shilingi 127 kwa lita, ghali kuliko mtu yeyote katika orodha isipokuwa pakiti ndogo. Nilirudia mpaka nikakubali.

Jumapili, 2 Machi 2025: Ubora, na laktomita iliyodanganya

Malalamiko ya kawaida mtaani ni kwamba "maziwa ya mashine yana maji". Nilinunua laktomita ya kioo pamoja na silinda yake na kipimajoto, jumla shilingi 2,400, ili nijibu kwa namba.

Laktomita huelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji. Maziwa ya ng'ombe yasiyochezewa husoma kati ya 26 na 32, yaani msongamano wa 1.026 hadi 1.032, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo iliyonipotosha. Maziwa yanayotoka kwenye mashine ni baridi, na maziwa baridi ni mazito, kwa hiyo kila sampuli ilisoma vizuri kuliko ilivyostahili. Sampuli yangu kwenye nyuzi 6 ilisoma 31. Nilipoiacha ipate joto hadi 20, ikasoma 28. Kanuni ya kusahihisha ni kutoa 0.2 kwa kila nyuzi chini ya 20 na kuongeza kiasi hichohicho kwa kila nyuzi juu yake, ila ni salama zaidi kuweka silinda kwenye bakuli la maji ya vuguvugu mpaka ifike karibu na 20, kuliko kutegemea hesabu ya mbali. Mwenye kuiga kazi hii aangalie pia alama iliyo kwenye shingo ya laktomita yake, kwa kuwa nyingine zimetengenezwa kusomwa kwenye nyuzi 15.6.

Baada ya marekebisho, A, B, C na mimi tulikuwa ndani ya kiwango, tukikaribiana sana. D alisoma 24, hali inayoelekea kuongezewa maji. Kifaa hiki peke yake hakitoshi kumhukumu mtu, maana anayeondoa malai huongeza msongamano na anayetia maji huupunguza, na mjanja anaweza kufanya yote mawili akarudi palepale.

Tofauti kubwa ilijitokeza mahali ambapo sikuwa nimepanga kupima kwa uzito, yaani muda wa kukaa bila kuharibika. Nyumba nyingi mtaani hazina friji, hivyo niliacha sampuli zote kwenye meza kuanzia saa mbili asubuhi na kuchemsha kijiko cha kila moja kila baada ya saa chache. Maziwa ya B yalichemka bila kukatika hadi asubuhi ya pili. Yangu yalikatika usiku uleule. Hapo ndipo niliposimama kufikiri, kwa kuwa mimi na B tunaletewa na msindikaji mmoja, kwa lori moja.

Kasoro ilikuwa kwenye usafi na kwenye mazoea. Tulikuwa tukisuuza mrija kwa maji yanayochemka mara tu baada ya kufunga, na maji ya moto namna hiyo hupika protini ya maziwa na kuigandisha ndani ya mrija. Sasa tunaanza kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke bila weupe wa maziwa, kisha maji ya moto yenye sabuni na brashi ndefu, kisha dawa ya klorini, kisha maji safi. Pia tumeacha kumimina maziwa mapya juu ya mabaki ya jana; mabaki huuzwa kwanza au hugandishwa kuwa mala. Brashi, klorini na mrija mpya viligharimu shilingi 1,850, na kazi ya kufunga imerefuka kwa nusu saa, ambayo msaidizi analipwa.

Ijumaa, 14 Machi 2025: Kuwauliza wateja

Hojaji niliyoitayarisha ilikuwa na maswali kumi na nafasi ya alama kutoka 1 hadi 5. Haikuzaa chochote. Mteja aliyesimama dirishani, chupa yake ikijazwa, hawezi kumwambia mwenye duka usoni kwamba huduma yake ni ya alama mbili, adabu haimruhusu. Karibu kila mmoja alisema maziwa ni mazuri na Mungu atubariki.

Nilibadilisha maswali yote kuwa swali moja linalohusu tendo: "Mara ya mwisho kununua maziwa kabla ya leo, ulinunua wapi, saa ngapi?" Majibu yakaja bila haya, kwa sababu hakuna anayejiona anakosoa mtu kwa kutaja alikoenda jana. Wengi walitaja C, na saa walizotaja zilikuwa ama alfajiri kabla sijafungua, ama usiku baada ya saa tatu nikiwa nimefunga. Wachache walitaja A. Hilo lilinishangaza, maana A ndiye niliyekuwa nikimwogopa.

Wasionunua kwangu kabisa niliwafikia kupitia mlinzi yuleyule wa ploti, ambaye aliuliza kwa niaba yangu bila kunitaja. Waliotoa sababu walitaja mambo mawili: kukopeshwa mpaka mwisho wa mwezi, na kutobeba chupa. Mtu anayetoka kazini, ameshuka matatu na mizigo, hana chupa mfukoni. Pakiti ya C iko tayari.

Kumbukumbu za malipo ya M-Pesa nilizitumia kwa uangalifu. Zinaonyesha wanunuzi wanaorudi na kiasi wanachotumia, nazo zilithibitisha kwamba malipo mengi ni ya shilingi 50 kushuka chini. Nilinakili viwango na saa pekee, nikaacha majina na nambari, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimruhusu mtu kuchukua nambari iliyotolewa kwa ajili ya malipo na kuanza kuitumia matangazo bila ridhaa ya mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili 2025: Kupunguza bei

Hatua hii ilifanyika kinyume na nilivyokwisha kujua, na sababu yake ni woga. A alitundika bango jipya la rangi, nami nikashusha bei kutoka 120 hadi 110.

Hesabu ilipaswa kutangulia bango. Kwa shilingi 120 nabaki na 32 kwa kila lita kabla ya kodi ya nyumba, stima na mshahara. Kwa 110 nabaki na 22. Ili nipate pato lilelile la lita 150 ningelazimika kuuza lita 218. Mauzo yalipanda hadi 165. Maana yake ni kwamba kutoka pato ghafi la 4,800 kwa siku nilishuka hadi 3,630, na kila siku bei hiyo ilipodumu ilinigharimu shilingi 1,170. Isitoshe, hata hizo lita 15 za ziada siwezi kuzihesabu kuwa tunda la bei, kwa kuwa Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na kila mwaka mauzo ya jioni hupanda wakati wa kufuturu. Anayefanya jaribio la bei achague majuma yasiyo na mfungo, sikukuu wala kufungwa kwa shule, la sivyo atalipia jibu asiloweza kulisoma.

A hakukaa kimya. Alishuka hadi 105 kabla wiki haijaisha, na baada ya siku chache akaja mwenyewe dukani, mtu mzima wa makamo, mpole, akapendekeza sisi watatu tukubaliane kuuza kwa 120 na kumaliza mchezo.

"Mzee, nashukuru umekuja," nilimjibu, "lakini tukishikana hivyo tutaingia matatani sote." Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza washindani kupanga bei kwa pamoja, na udogo wa duka si kinga. Tulikunywa chai, tukazungumzia kukatika kwa stima, naye akaondoka bila kinyongo. Nilirudisha bei yangu ya 120 kwa uamuzi wangu, sikumwarifu, na wateja kadhaa walininung'unikia kwa wiki nzima. Kupandisha bei uliyoishusha mwenyewe ni vigumu kuliko kutoishusha kamwe.

Jumanne, 29 Aprili 2025: Kurekebisha kipimo

Upungufu wa jioni ulitokana na namna mashine yangu inavyopima. Haipimi maziwa yenyewe, bali hupima muda ambao pampu imefanya kazi, ikidhani kwamba kila nukta hutoa kiasi kilekile. Tangi likijaa, uzito wa maziwa huisaidia pampu. Likikaribia kuisha, au stima ikiwa dhaifu, mtiririko hupungua na muda unabaki uleule. Mteja wa asubuhi hupata haki yake, wa jioni hupunjwa bila mtu yeyote kukusudia.

Fundi wa kwanza aliongeza muda wa pampu. Jioni ikawa sawa, asubuhi tukawa tunagawa mililita 530, na katika siku chache lita kadhaa zilitoka bila kulipiwa. Fundi wa pili alinipeleka Barabara ya Luthuli, tukanunua kihisi cha mtiririko kilichoidhinishwa kwa vyakula, akakiunganisha kwenye ubao wa mashine ili ihesabu maziwa yanayopita. Kifaa na kazi vilikuwa shilingi 6,500, juu ya 1,000 alizokwisha kula fundi wa kwanza.

Mashine ya kibiashara iliyofunguliwa na kurekebishwa kipimo chake hairudishwi dirishani hivi hivi. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka ikaguliwe na kupigwa mhuri upya, kwa hiyo niliomba ukaguzi na kulipa ada. Tulipokuwa tukisubiri, msaidizi alihudumia kwa vikombe vya chuma vilivyo na mhuri, foleni ikarefuka, na mauzo ya siku hizo nimeyaondoa kwenye hesabu ya mradi.

Baada ya ukaguzi, shilingi 60 huleta mililita 499 asubuhi na 497 jioni. Nimeweka mizani dirishani ikielekea upande wa mteja. Wachache huitazama zaidi ya mara moja, ila wale walioitazama wameacha kuuliza juu ya povu.

Tulijadili kuiga ile nyongeza ya B. Niliamua tuifanye kwa wanaonunua nusu lita na zaidi, mililita kumi tu, iliyohesabiwa. Inanigharimu chini ya shilingi moja kwa mteja.

Jumamosi, 24 Mei 2025: Alfajiri, na mambo ya C na D

Majibu ya Machi yalionyesha kwamba saa zangu za kazi ndizo zilizokuwa zikiwatuma watu kwa wengine. Nilikuwa nikifungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati akina mama wa vibanda vya chai wamekwisha kununua kwa D tangu saa kumi na moja kasoro. Sasa tunafungua saa kumi na moja kamili. Sikutaka msaidizi atembee gizani, hivyo nimemwajiri kijana anayeishi ploti ya jirani kwa shilingi 300 kwa saa hizo mbili za mwanzo.

Vibanda vinne vilihamia kwetu, jumla ya lita 28 kila alfajiri, kwa bei ya 110 kwa anayechukua lita tano au zaidi. Baada ya kumlipa kijana zinabaki shilingi 316 kwa siku. Pato ni dogo, lakini ni la kila siku na linamaliza maziwa ya jana mapema.

Wiki ya kwanza nusura ituharibie jina. Mama mmoja alirudi saa tatu asubuhi akiwa na sufuria ya chai iliyokatika na wateja wake wakimsubiri. Nilimrudishia pesa, kisha nikaomba kuuona mtungi wake: ulikuwa wa plastiki, wa mafuta ya kupikia, wenye shingo ambayo mkono hauingii, na pembeni mwa mshikio kulikuwa na utando wa manjano ambao brashi haijawahi kuufikia. Mitungi ya alumini yenye mdomo mpana ndiyo inayofaa. Nilinunua miwili ya lita 10 kwa shilingi 4,200 kila mmoja. Yeye na mwenzake huichukua alfajiri na kuirudisha jioni, nasi huiosha pamoja na mashine. Waliobaki wawili wameahidi kutafuta yao, na mpaka hapo tunawamiminia baada ya kunusa chombo.

Suala la chupa lilitatuliwa kwa urahisi: chupa safi za nusu lita zenye kifuniko, shilingi 15, zinazouzwa dirishani bila faida. Suala la mkopo nimelikataa. Lita moja isiyolipwa inanipotezea shilingi 88, na ili nizifidie lazima niuze karibu lita tatu kwa taslimu. C anaweza kukopesha kwa sababu anaishi lango moja na wadeni wake na anawauzia pia unga, sukari na mafuta ya taa. Mimi nina bidhaa moja, na mtu ninayemdai anaweza kupita njia nyingine mwezi mzima.

Jumapili, 29 Juni 2025: Kipimo cha pili

Nimerudia vipimo vyote kwa mizani ileile, chupa ileile na kiasi kilekile cha shilingi 60. Tarehe 25 Juni, siku ya maandamano, nimeiacha nje ya wastani kwa kuwa maduka mengi yalifungwa na lori la maziwa halikufika.

Bei yangu ya kweli sasa ni shilingi 120 asubuhi na 121 jioni, na kwa anayepata nyongeza ni 118, sawa na B. Maziwa yangu yakiachwa mezani hufika asubuhi ya pili bila kukatika, ingawa ya B bado yanakaa saa kadhaa zaidi. Nashuku tofauti iliyobaki ni ubaridi wa tangi, ambalo kwangu husoma nyuzi 6 mchana na lake hukaa 4. Fundi wa friji ameomba 7,000 kubadilisha mpira wa mfuniko na kuongeza gesi. A amerudi 110 na kipimo chake kimepungua kidogo.

Mvua za masika zimebadilisha mengine yote. Malisho yakiwa mengi, maziwa huwa mengi, na msindikaji ameshusha bei kutoka 88 hadi 82. Pakiti kwa C nayo imeshuka hadi 55, yaani shilingi 110 kwa lita, hivyo kwa mara ya kwanza tangu nianze shajara hii pakiti ni nafuu kuliko ubao wangu. Mtu angeniangalia leo tu angesema nimepitwa. Angeniangalia Februari angesema tuko sawa. Kwa sababu hiyo sitashusha bei ya dirishani kabla ya kiangazi kuonyesha pakiti itatulia wapi, ila bei ya jumla ya lita tano nimeipeleka 105.

Mauzo yako kwenye lita 178 kwa siku, 28 kati yake zikiwa za alfajiri. Ukiondoa hizo, dirisha limebaki pale lilipokuwa, lita 150. Mrija safi, kipimo sahihi na mizani havijaongeza lita hata moja inayoonekana. Huenda vimezuia kushuka zaidi wakati pakiti ilipopungua bei, na data niliyo nayo haiwezi kuthibitisha hilo wala kulikanusha.

Jumla ya pesa zilizotumika kwenye vifaa na ufundi, bila kuhesabu hasara ya bei ya 110, ada ya ukaguzi na maziwa ya sampuli, ni shilingi 21,650. Kipimo cha tatu kitafanywa Septemba, baada ya mpira wa tangi kubadilishwa, na kitaongeza mashine mpya inayofunguliwa karibu na kituo cha matatu.